Mtandao Wenye Jina la Mkwe

1

Siku Ofisi ya Mawimbi ilipouzima mnara wa Lugombo, Subilaga alikuwa tayari juu ya paa, bisibisi ikiwa mdomoni. Hakujipa nafasi ya kusikitika. Tangazo lilikuwa limekuja wiki tatu nyuma: vilima vyenye watu wachache havitapewa minara tena, na kila mwenye saa ya moyo kifuani, yaani kifaa cha kuongoza mapigo, aende Nyumba ya Uangalizi kule mjini, akalazwe, akalishwe na kutazamwa mchana kutwa na usiku kucha. Wazee wanne wa kitongoji walikuwa wameshachukuliwa. Watatu walikwenda wakilia. Wa nne alikwenda akiimba, na huyo ndiye aliyewaumiza watu zaidi.

Aliyebaki alikuwa baba mkwe wake Subilaga. Alikuwa amesema wazi kwamba mkewe amezikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na kwamba yeye hatoki pale kwa miguu yake. Wakimtaka waje na machela.

Jina la mzee huyo sitalitaja sasa. Subilaga hajalitaja tangu aolewe, mwaka wa kumi na tisa huu, na mimi ninayemsimulia sioni sababu ya kumtangulia. Tutamwita Mzee, kama anavyomwita yeye. Kwa Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, na mkamwana hatamki jina la mkwe hata akiwa peke yake shambani. Wakikutana njiani, mwanamke huingia mgombani akageuka pembeni mpaka mkwe apite.

Watu wa mjini hudhani mila hiyo ilikufa zamani. Ilikuwa inakufa kweli, mpaka zikaja enzi hizi za kila ukuta kuwa na jicho na kila simu kuwa na sikio. Hapo watu wa Rungwe waliirudia na kuishika kwa mikono miwili, hata vijana waliokuwa wakiicheka. Mzee mwenyewe aliwahi kusema, na maneno yalimfikia Subilaga kwa kinywa cha Shangazi Tumpe, kwamba dunia nzima inamtazama bila kumuuliza, hadi ndani ya kifua chake. Aliyebaki anayeinamisha macho kwa ajili yake ni mke wa mwanawe tu. Subilaga hakuyasahau maneno hayo.

Basi alikuwa juu ya paa. Nyumba yake ilikuwa na kisahani chake cha setilaiti na mtandao wake wa nyumbani, uliofungwa na marehemu mumewe, Lusekelo. Kutoka hapo hadi kwa Mzee kulikuwa na hatua mia mbili za migomba, na yeye, fundi wa mawimbi mwenye leseni, alijua kwamba hakuna kitu kinachomeza mawimbi kama jani la mgomba lililolowa. Na Rungwe jani likauke lini? Alifunga kiongeza mawimbi kimoja kwenye paa na kingine juu ya nguzo katikati ya shamba, ili kimoja kimrushie mwenzake na cha pili kimfikie Mzee.

Ilikuwa lazima. Saa ya moyo huuliza mtambo wa madaktari kila baada ya dakika sita: nipige namna gani? Isipojibiwa hujiendesha kwa kumbukumbu zake kwa muda wa saa arobaini. Zikiisha, hushuka mwendo wa akiba, ambao unamtosha mtu aliyelala kitandani, tena si kwa siku nyingi. Na saa ya toleo lile ilikuwa na ukaidi wake. Ilifundishwa jina moja tu la mtandao wa nyumbani, na mtandao wenye jina jingine iliuona ni wa adui. Kuifundisha jina jipya kulihitaji mgonjwa apelekwe mjini, na waliopelekwa mjini hawakuwa wakirudi.

Kwa hiyo viongeza mawimbi vyote viwili vilitakiwa vibebe jina lilelile la mtandao wa Lusekelo, ambalo ndilo saa ya Mzee ilikuwa imefundishwa. Na Lusekelo, alipoufunga akiwa bado kijana hajaoa, aliupa jina la baba yake.

Hilo lilikuwa limemtesa Subilaga toka wiki ya kwanza ya ndoa. Kila alipofungua simu, jina la mkwe wake lilikuwa limekaa pale juu ya orodha likimtazama. Alimwomba mumewe alibadilishe. Lusekelo alicheka hadi machozi, akasema kubadilisha ni kumkana baba, lakini kuficha si kukana. Akabonyeza mara moja, na jina likatoweka kwenye orodha. Mtandao ukawa unafanya kazi bila kujitangaza. Siku hizo haikuwa kosa.

Ila mtandao uliofichwa jina huwezi kuuchagua kwenye orodha. Ni lazima uandike jina lake kwa mkono. Ndiyo maana Shangazi Tumpe, dada yake Mzee, mwenye miaka sabini na mbili na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa ameketi barazani na kompyuta ndogo ya mafundi mapajani, akitafuta herufi moja moja kwa kidole.

"Wewe tazama mlima huko," alimwambia Subilaga. "Nikimaliza nitakohoa."

Subilaga aliutazama Mlima Rungwe, au tuseme aliutazama ukungu uliokuwa umekaa mahali pa mlima. Shangazi aliandika, akafuta, akaandika tena, huku akinung'unika kwamba mkamwana gani huyu anayejua kusemesha mbingu lakini anaogopa herufi nane. Mwishowe akakohoa. Taa ya kwanza ikawaka kijani. Walirudia kwenye nguzo ya shambani, Subilaga akiwa ameinama upande wa pili wa nguzo, na taa ya pili nayo ikawaka.

Shangazi alikwenda kwa kaka yake, akarudi baada ya robo saa akitafuna ndizi ya kuchoma.

"Inasoma," alisema. "Amesema nikwambie, moyo wake unakushukuru. Halafu amesema ule utando wa plastiki uliouacha kwenye nguzo utafunika mkungu wake mmoja, uusogeze."

Subilaga aliusogeza akiwa na furaha isiyo na kifani. Alijua vizuri kwamba sheria inataka kila mtandao unaovuka ua wa nyumba utangaze jina lake. Alijiambia kwamba shamba la mkwe ni ua huohuo. Fundi mwingine angemwambia hivyo, angemcheka.

2

Siku ya nne ukatokea msiba kilima cha pili. Mzee Mwaisumo, aliyekuwa rika la Mzee, alifariki usingizini. Hapakuwa na mtu wa kumzuia Mzee asiende kuzika, na hapakuwa na sababu, maana kumbukumbu za saa arobaini zilitosha kwenda na kurudi mara kumi. Alivaa koti lake jeusi, akachukua fimbo, akaondoka na dada yake. Subilaga hakwenda, kwa kuwa wanaume wa rika la mkwe wake wangejaa pale, na yeye angeshinda amejificha nyuma ya sufuria.

Alasiri alikuwa jikoni anapika mbalaga, ndizi za kupika, aliposikia Shangazi akija kwa mwendo usio wake. Mama huyo hakuwa na haraka hata mvua ilipomkuta barabarani. Safari hii aliingia bila kuvua viatu, akakaa kwenye kigoda, akaomba maji.

Alieleza kwa kirefu, kama ilivyokuwa kawaida yake, na hakuruka kitu. Mchungaji alikuwa amefika katikati ya sala ndipo simu ya mtu ilipolia. Ikalia ya pili. Watu wakadhani ni utovu wa adabu. Kisha zikalia zote, makaburini pale, simu sitini au sabini, kila baada ya muda mfupi, na kila simu ilikuwa imeandika onyo lilelile: kifaa kilicho karibu nawe kinautafuta mtandao usiojulikana. Na chini yake jina. Jina la kaka yake.

"Wenzangu wakaanza kunong'ona kwamba marehemu anamwita mwenzake," alisema Shangazi. "Wanawake wa upande wa jeneza wakahama. Kaka akabaki amesimama peke yake na fimbo yake. Hakuelewa kitu, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Kila aliposogea, simu za huko aliko zinalia."

Subilaga aliiweka chini sufuria. Alielewa kabla Shangazi hajamaliza, na alichokielewa kilikuwa kitu alichokifanyia mtihani na kukipasi miaka ishirini iliyopita.

Mtandao wenye jina wazi hujisemea wenyewe. Mara kadhaa kwa kila sekunde husema, mimi ni fulani, niko hapa, karibu. Kifaa cha mtu hukaa kimya kikisikiliza. Kikisikia jina lake huingia, kisiposikia huendelea kunyamaza. Lakini ukiuficha jina, mtandao hufunga mdomo, na kazi ya kusema humwangukia mgeni. Kifaa hakina njia ya kujua kama kimefika nyumbani au bado, kwa hiyo hupiga hodi popote kinapokwenda: fulani, upo? Fulani, upo? Hupiga hodi sokoni, hupiga hodi kanisani, hupiga hodi makaburini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nyumbani kwake tatizo hilo halikuwahi kuonekana, kwani vifaa vyake havikutoka nje ya boma. Na saa ya Mzee, mnara ulipokuwapo, ilitosheka na mnara. Alipofunga viongeza mawimbi alikuwa amefikiria nyumba, na paa, na majani yaliyolowa. Mgeni alimsahau. Alikuwa amempeleka mzee wa miaka themanini na moja mbele za watu huku kifua chake kikilipigia kelele jina lake mwenyewe.

"Nani mwingine aliona?" aliuliza.

Shangazi alikunywa maji yote kwanza. "Kulikuwa na mama mmoja mwenye koti la Ofisi ya Mawimbi. Marehemu alikuwa mjomba wake. Alikuwa hasemi, anaandika tu."

Subilaga aliivuta kompyuta yake ndogo. Angeweza kuzima kila kitu dakika ileile, aling'oe jina, avivunje viongeza mawimbi na kuvizika. Mkaguzi angefika akute paa tupu. Lakini Mzee alikuwa amerudi kutoka msibani na saa yake ilikuwa imeshakula saa sita za kumbukumbu. Akizima sasa, zilibaki thelathini na nne. Akaifunga kompyuta na kurudi kwenye mbalaga.

"Na aje," alisema. "Shangazi, kula. Ana haki ya kuja."

3

Mkaguzi alifika asubuhi kwa miguu, buti zikiwa na tope hadi magotini, na droni ndogo ikimfuata juu ya migomba. Alipiga hodi kwa sauti, akangoja kukaribishwa, akavua buti mlangoni. Aliitwa Teodosia Komba, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho ya mtu aliyelala vibaya. Alisalimia, akatoa pole za msiba kana kwamba msiba haukuwa wake, akaikubali chai. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema lolote la kazi.

"Mama Atu," alisema, maana alikuwa ameshauliza majirani huitwaje, "sikuja kukukomoa. Droni imeshanionyesha viongeza mawimbi viwili na mtandao usiojitaja. Leseni yako naiona pale ukutani. Nieleze wewe, nisikusemee."

Subilaga alimweleza yote, tangu Lusekelo alivyocheka hadi simu zilivyolia makaburini. Hakujitetea. Mkaguzi alisikiliza, na ilipofika sehemu ya Shangazi kuandika herufi akikohoa, alitabasamu kidogo. Halafu tabasamu likaondoka, na akaanza kusimulia lake.

Ule mwaka wa wezi wa mioyo, alisema, dada yake alikuwa na saa kama hii. Mtoto wake alikuwa ameuficha mtandao wa nyumbani ili majirani wasiombe nywila. Dada akaenda sokoni. Saa ikawa inapiga hodi njia nzima, na mtu mmoja aliyekuwa ameketi na mtambo wake kwenye begi akaisikia, akalichukua jina, akaitikia: nipo. Nywila haikuwa kizuizi kwa watu wale. Saa ikamwamini. Dada alifika nyumbani, akaanza kumenya viazi, na kabla hajamaliza ujumbe ukaingia wa kutaka fidia. Waliposhindwa kuelewana, walimzima.

"Viazi vilikuwa saba vimemenywa," alisema Mkaguzi. "Nilivihesabu kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine. Jana pale kaburini niliposikia moyo wa mzee wako unaita, mwenzako nilitafuta begi kwa watu wote. Sikuona mtu. Lakini angeweza kuwapo."

Subilaga alikuwa amejiandaa kwa mkaguzi mkali na hasira zake zilikuwa tayari, ila sasa hazikuwa na pa kwenda.

Mkaguzi alieleza njia zilizopo, na hazikuwa nyingi. Ya kwanza, kuukata mtandao na kumpeleka Mzee mjini, leo hii. Ya pili, kuutangaza. Mtandao ukitangazwa, Ofisi huupa muhuri wa sauti: mwenye mtandao hulitamka jina la mtandao mara tatu mbele ya kinasa sauti, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu, na sauti hiyo ndiyo hugeuzwa kuwa kufuli. Tangu hapo hakuna mwizi anayeweza kuitikia "nipo" kwa niaba yake, kwa sababu kabla ya kuamini neno lolote, saa ya moyo itadai kwanza kuisikia sauti ile.

"Kila dakika sita," alisema Mkaguzi, "moyo wake utakusikia wewe ukimwita jina. Ndipo utapiga."

Shangazi Tumpe aliingilia kati. Akasema yeye ni dada wa damu, jina hilo ameliita tangu wakiwa watoto, tena kwa matusi. Kinasa kiletwe kwake. Mkaguzi alitikisa kichwa. Mwenye mtandao kwa kitabu cha Ofisi alikuwa Subilaga, mjane wa Lusekelo. Kuhamisha umiliki ni siku kumi na moja. Na jina je, libadilishwe? Saa haijui jina jingine.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Mama Atu," alisema Mkaguzi taratibu. "Nitakaa hapa mpaka saa nane mchana. Zaidi ya hapo nitakuwa ninavunja kiapo changu."

4

Subilaga alitoka nje, akasimama ukingoni mwa mgomba wa kwanza. Mvua ilikuwa nyembamba. Alijaribu kulisema lile jina moyoni tu, aone kama ulimi utakubali, na akajikuta ameinamisha kichwa akiwa peke yake shambani.

Si kwamba aliogopa laana. Alikuwa mtu wa vipimo na nyaya. Alichokiogopa ni kwamba kumuokoa mtu kunaweza kuwa namna nyingine ya kumpora. Madaktari walimwokoa Mzee wakauweka moyo wake hewani. Ofisi ilitaka kumwokoa kwa kumtoa kwenye kaburi la mkewe. Sasa mkamwana naye amwokoe kwa kuchukua kitu cha mwisho, ile heshima ya kutoitwa hovyo na kila mtu, kisha sauti yake akaiache kifuani mwa mzee wa watu hadi siku ya kufa. Na akikataa je? Mzee angekufa akiwa na heshima zake zote, katika Nyumba ya Uangalizi, akitazamwa.

Alikumbuka kwamba kosa lake lilikuwa lilelile tangu mwanzo. Alikuwa amefikiria nyumba, akamsahau mgeni. Hakuwa amewahi kumuuliza Mzee kama anautaka mtandao wenye jina lake, wazi au uliofichwa. Alikuwa amepanda paa tu.

Akarudi barazani. "Shangazi," alisema, "nenda kamweleze kila kitu. Usipunguze. Mwambie hata la makaburini, kwamba ni moyo wake ulikuwa unaita na kwamba ni mimi niliyefanya hivyo. Halafu muulize anataka nini. Akisema nisiseme, sitasema, na mimi mwenyewe nitambebea sanduku hadi barabarani, nikiwa nimefunika uso. Akiniruhusu, nitasema."

"Na asipojibu?"

"Mngoje ajibu."

Shangazi alijitanda khanga kichwani, akaingia mgombani. Mkaguzi alimaliza chai. Subilaga hakukaa. Aliifungua kompyuta, akafika kwenye ule ukurasa wa mtandao ambao hakuwa ameufungua kwa miaka kumi na tisa, pale penye kitufe cha kuficha jina, akakiacha wazi mbele yake ili asipate kisingizio cha kuchelewa. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Droni ilichoka, ikatua juu ya banda la kuku.

Saa nane kasorobo Shangazi alirudi, na alikuwa anajitahidi asicheke, au asilie. Kwa uso ule huwezi kujua.

"Alinifanya nieleze mara mbili," alisema. "Halafu akaniuliza, hivi mkamwana ataona haya kwa kulisema au kwa mimi kulisikia? Nikamwambia yote mawili. Akasema, la kulisema ni lake, siwezi kumsaidia. La kulisikia ni langu. Basi anasema atavua vile vifaa vyake vya masikio, aviweke mfukoni, na wewe ukisema utakuwa umeliambia shamba. Bila vile hasikii hata radi. Anasema jina ambalo mkwe hakulisikia halikutajwa."

Mkaguzi aliinamia daftari lake. Subilaga alicheka, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi, hakuyafuta.

"Ameshavivua?"

"Nimemwacha mkono ukiwa sikioni, anataka kuvivua. Anakuja kusimama nyuma ya ua wa matete, pale mwisho wa shamba lako. Anataka awe karibu, ili taa zikibadilika na moyo ukayumba asiangukie mbali na watu."

Mzee hakuwahi kufika pale tangu Subilaga aletwe kama bibi harusi. Subilaga alisimama kulielekea shamba, macho chini kama ilivyotakiwa. Nyuma ya matete aliona ncha ya fimbo ikichimba udongo, na chini ya fimbo, viatu viwili vyeusi vilivyokuwa vimepigwa rangi kwa ajili ya msiba wa jana. Hakuinua macho zaidi ya hapo.

Kwanza alikibonyeza kitufe. Kwenye simu ya Mkaguzi, na ya Shangazi, na yake mwenyewe, jina likajitokeza juu ya orodha, lilelile alilokimbia akiwa bibi harusi. Hakugeuza macho. Akalisoma herufi zote nane.

Mkaguzi alikisogeza kinasa. "Mara tatu," alisema. "Kama unavyomwita mtu aje."

Subilaga alifungua mdomo, na mara ya kwanza ikatoka pumzi tu. Kinasa kikawaka nyekundu kikakataa. Akawaza juu ya viazi saba. Akawaza juu ya mzee aliyesimama peke yake kaburini, watu wamemhama, asijue kosa lake.

"Ambokile," alisema.

Kinasa kikapokea.

"Ambokile," alisema tena, na safari hii ilikuwa sauti yake hasa, ile ya kumwita binti yake kutoka mtoni.

Kisha akaisimamisha shingo, akaliita mara ya tatu kwa nguvu zote, likavuka ua na mgomba wa kwanza na wa pili, kuku wakakimbia na droni ikaanguka kutoka kwenye banda: "Ambokile!"

Taa ya kinasa ikawa ya kijani. Taa ya paani ikawa ya kijani, na ya nguzo ikafuata. Mkaguzi aliweka kalamu chini. Hapakuwa na sauti ila matone yanayodondoka kwenye majani, na Subilaga alibaki ameinama, akingoja kusikia viatu vile vikigeuka kurudi nyumbani.

Viatu havikugeuka. Nyuma ya matete mtu alisafisha koo, polepole, kama mzee anayetaka kusikika vizuri, na Shangazi Tumpe akajifunika mdomo kwa khanga, kwa maana alitambua kabla ya wote kwamba kaka yake hakuwa amevua chochote masikioni.

"Naam, mwanangu," alisema Mzee. "Nipo."